Kinachovuka Hubadili Alama

Mwanangu Somoe,

Salamu sina haja ya kuziandika. Shikamoo yako ya asubuhi nimeiitikia, na ile ya mchana uliponiletea chai nimeiitikia pia. Nakuandikia ungali upo hapa hapa. Nimekaa katika darasa la saba, dawati la nyuma, lile ambalo mguu wake mmoja ni tofali, na kupitia dirishani nakuona barazani kwetu umeinamisha kichwa, mama yako anakusuka. Kesho alfajiri basi la Kusini litapita Kibiti na wewe ndiye msafiri. Barua hii nitaitia chini kabisa ya begi, chini ya mashuka, uikute ukishafika bwenini, huko sekondari.

Mambo ya ndoo, sabuni, kandambili na dawa ya homa siyagusi. Hayo mama yako ameyasema mpaka mbuzi wetu wameyashika kwa moyo. Mie nina neno moja tu, na nimelizunguka tangu Jumatatu. Mtu mzima mwenye ndevu kulizunguka neno moja siku zote hizi, ni aibu.

Jumatatu uliniuliza, "Baba, nakwenda kwa radhi yako?" Nikajifanya natafuta msumari uliolegea dirishani. Nikasema tutazungumza. Hatukuzungumza. Jana ukauliza tena, kwa sauti ya chini, nikatoka nje kama mtu aliyeitwa. Hakuna aliyeniita, Somoe. Nilikwenda kusimama nyuma ya choo, nikatazama mihogo.

Naogopa, mwanangu. Ndiyo hivyo, nimeshaandika. Na mama yako ameniambia ulichomwambia jikoni, kwamba yake radhi umeshaipata, lakini baba asipotoa yake wewe huendi, utamwachia mwingine nafasi. Nakujua. Ukisema huendi, huendi. Kwetu nguo mtu huazima, kitanda mtu huazima, radhi ya mzazi haiazimwi popote. Basi shule yako nzima, miaka yako yote ya mbele, imening'inia kwenye ulimi wangu, na ulimi umekauka.

Ngoja nikueleze umekaukaje.

Mie nimekulia Mloka, kwenye madungu. Wewe dungu umelisikia tu kwa hadithi: kibanda juu ya miti mirefu katikati ya shamba la mpunga, familia nzima inahamia humo, inalinda mpunga usiliwe na nguruwe na viboko. Jua likishatua, kulikuwa na vitu havitajwi. Nyoka alikuwa kamba. Ukitaka chumvi kwa jirani unaomba dawa ya mboga. Na simba, huyo alikuwa "yule." Bibi yako alikuwa mkali kwa hilo, mtoto akiteleza tu kidogo anapigwa kofi la mdomo, maana ukikitaja kitu umekiita, na ukikiita kitakuja. Asubuhi wazee walishuka kusoma nyayo. Yule kapita hapa. Yule ni mkubwa. Yule anachechemea mguu wa nyuma. Walikuwa wanamjua mzima mzima, na jina bado hawajalitamka.

Kwa hiyo siku nilipokutana na aljebra sikushangaa hata chembe. Mwalimu wetu aliandika x ubaoni, darasa likapiga kelele, herufi na hesabu wapi na wapi! Mie nikasema moyoni, alaa, huyu si ndiye yule? Hatujamwona, lakini nyayo zake tunazo. Ukimwongezea tano anakuwa kumi na mbili. Basi fuata nyayo taratibu, utamkuta kajilaza, ni saba. Nililipenda somo lile siku hiyo hiyo. Na wewe ulilipenda vivyo hivyo, nilikuona. Uliuliza tu, "Baba, kama wanajua ni saba kwa nini wanatusumbua?" Nikakwambia hawajui, ndiyo maana wanakuuliza wewe. Uliringa wiki nzima.

Sasa nikuambie habari ya baba yako mkubwa, Omari. Umemsikia kwa nadra, na sababu utaiona.

Omari ni kaka yangu, wa kwanza kwa bibi yako. Alivuka mto Rufiji pale Ndundu akiwa kijana, akaenda kutafuta kazi bandarini huko Kusini. Tulimsindikiza hadi kivukoni. Mto ulikuwa umejaa, maji mekundu, magogo mazima yanapita mbio, na kile kivuko kinaguna kama mzee anayepanda kilima. Na tangu siku ile bibi yako akapiga marufuku: jina la Omari lisitajwe. Si kwa chuki, jamani! Kwa mapenzi. Aliyeko safarini asitajwe ovyo, asije akasikiwa na kibaya. Akimsema, alisema "yule." Yule sijui kala nini leo. Yule huko kuna mbu. Mpaka usingizini, "yule, yule." Na barua hakuandikiwa, kwa sababu barua ina jina juu yake.

Omari alirudi mara moja tu. Miaka ilikuwa imepita, wadogo zetu wa mwisho walizaliwa yeye hayupo. Alifika mchana, amevaa viatu, kashika redio. Mdogo wetu wa mwisho akamkimbilia njiani akamwuliza, "Mgeni, jina lako nani?" Akajibu, "Omari." Mtoto akageuka akapiga kelele kuelekea ndani, "Mama! Kuna mgeni anaitwa Omari!" Nilikuwepo. Niliuona uso wa kaka yangu. Alitandikiwa mkeka, akaomba kiti. Alipikiwa wali wa nazi, akala kidogo akasema tumbo. Bibi yako akimsemesha Kindengereko chetu yeye anajibu Kiswahili cha mjini. Siku ya tatu akaaga. Akavuka, na hata bibi yako alipokuja kufariki miaka ya baadaye, tulimzika bila yeye.

Sisi tuliobaki tulisema: mnaona? Mto umembadilisha. Kavuka mtoto wetu, karudi mtu baki.

Haukupita muda mrefu tangu Omari aage, nikachaguliwa mie kwenda chuo cha ualimu, huko huko Kusini. Nikamwendea bibi yako, nikapiga goti. "Mama, naomba radhi yako." Alikuwa anapepeta mpunga. Akaendelea kupepeta. Nikangoja. Akapepeta mpunga ule ambao makapi yalikwisha zamani, punje tupu zinaruka na kurudi, hakunitazama. Hakukataa. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Nilikaa pale mpaka magoti yakafa ganzi, kisha nikainuka, nikalifungua sanduku langu nikatoa nguo.

Ndipo ulipokuja ule ualimu wa haraka haraka wa UPE, mpango wa kila mtoto asome. Vijana wa darasa la saba tukafundishwa kufundisha huku huku vijijini, tukapewa chaki, tukaambiwa ingieni. Simlaumu mtu. Lakini mie nilijua aljebra nusu. Kanuni nilikuwa nayo, sababu yake sikupewa, na mtu mwenye kanuni bila sababu hujazia mwenyewe. Nikajazia, tena kwa mbwembwe! Unaikumbuka. Nilisimama mbele yenu nimejaa kama mkate wa kumimina, nikachora mistari miwili ya sawasawa, nikasema: "Huu ni mto Rufiji. Huku ng'ambo yetu, kule ng'ambo yao. Namba ikitaka kwenda kule lazima ipande kivuko cha Ndundu, na kinachovuka hubadili alama. Imepanda ikiwa kujumlisha, itashuka ikiwa kutoa." Mlipiga makofi. Mwaka mzima darasa lilikuwa linavusha. Hata mtoto aliyekuwa hajui kujumlisha alijua kuvusha.

Sasa najua kanuni ile sikuitoa kwenye hesabu. Niliitoa kwa Omari.

Ikaja siku ya 3x ni sawa na 12. Ukaivusha ile tatu, utiifu mtupu, ikashuka ng'ambo ikiwa kutoa tatu. Kumi na mbili kutoa tatu, tisa. Nikakupigia vema. Ukabaki umesimama ubaoni na chaki. "Baba, haikubali." Nikasema nini haikubali? "Nimeirudisha. Tatu mara tisa ni ishirini na saba. Haikubali." Mie nikawaka, Somoe. Nilikwambia kanuni ni kanuni, nikakwambia umekuwa mjuaji, nikakutoa nje ukasimame juani. Na ulitoka. Lakini ulipopita mlangoni nilikusikia unasema chinichini, "Haikubali tu."

Jioni nilikuwa nina hasira na kila kitu, mpaka na paka. Mama yako akasema, "Mwalimu, kula. Hasira haijawahi kumshibisha mtu." Nilikula. Lakini ishirini na saba ilikaa nami pale kwenye mkeka.

Jumamosi yake tukaenda Kibiti dukani kwa Bwana Rajabali kununua mafuta ya taa. Miaka ile ya foleni duka lake lilikuwa rafu tupu na kalenda ya zamani ukutani. Sasa limejaa mpaka mtu anaingia upande, betri, redio, masufuria, mitumba inaning'inia usoni. Mie napimiwa mafuta, kugeuka nakukuta umemwomba mizani. Ile ya sahani mbili. Umeweka pakiti tatu za chumvi sahani hii, na sahani ile unapanga betri za tochi moja moja, ulimi umeutoa nje kama ulivyokuwa ukifanya ukiwa mdogo. Mkono wa mizani ukatulia kwenye kumi na mbili.

Bwana Rajabali akasema, "Mwalimu, binti yako ananunua ama anafanya maonyesho?"

"Anafanya hesabu," nikasema.

"Basi amalize, bana, mama huyu anangoja sukari."

Ukazigawa betri mafungu matatu, kila pakiti na fungu lake. Ukatoa pakiti mbili, ukatoa na mafungu mawili. Ikabaki pakiti moja na betri nne, mkono umetulia. Kisha pakiti ile ukaiongezea betri tano, na upande wa pili betri zikawa tisa, ukanitazama. Ukatoa tano huku. Mizani ikalala. Ukatoa tano kule. Ikasimama. "Umeona, baba? Hakuna kilichovuka. Ukitoa huku, unatoa na kule. Ila sisi tulikuwa tunatazama sahani moja."

Yule mama wa sukari akasema, mtoto huyu apewe soda. Mie nikalipa mafuta. Jumatatu iliyofuata niliingia darasani nikawaambia watoto kwamba kivuko cha Ndundu kimezama, kimezama na kanuni yake, tuanze upya. Mlicheka mpaka mwalimu mkuu akaja kuchungulia. Hukunicheka wewe. Ulinisaidia kufuta ubao.

Ubaoni ilifutika. Kifuani bado ipo, na ndiyo inayoniziba mdomo tangu Jumatatu ya wiki hii.

Kwa hiyo leo navitaja, kimoja kimoja, kwa majina, na kinachotaka kuja na kije. Naogopa mto pale Ndundu, na mamba wake. Naogopa injini ya kivuko ikizimika katikati, mchukuliwe na maji, na wewe hujui kuogelea kwa sababu nilikukataza kwenda mtoni. Naogopa basi kukwama kwenye matope huko mbele ya Somanga, mlale njiani na watu msiowajua. Naogopa homa ikupate bwenini usiku na usiwe na wa kumwita. Naogopa Kiingereza. Hesabu yote itakuwa kwa Kiingereza, na mie ni maneno machache tu niliyoweza kukupa, na hata hayo sina hakika nayo. Naogopa wasichana wa mjini, wenye kusoma tuisheni, watakaokucheka unavyotamka. Naogopa kwamba katika kanuni mbovu nilizokutia tumefichua moja tu, na zipo nyingine ndani yako zimelala, na siku ya mtihani zitaamka.

Na kuliko zote hizo, naogopa utarudi likizo, nitakutandikia mkeka, na utaomba kiti.

Hilo ndilo. 

Lakini leo nimekaa hapa tangu baada ya sala ya alasiri, nikawa namfikiria Omari, na nimejiuliza swali ambalo sikuwahi. Hivi kaka yangu alibadilika, ama sisi ndio tulimtoa? Tuliona alichopungukiwa yeye: lugha, mkeka, hamu ya wali wa mama yake. Hatukutazama upande wetu. Upande wetu kulikuwa na nyumba nzima iliyoacha kumtaja. Watoto walikua bila kulijua jina lake. Alivuka mto akiwa Omari, na nyumbani akawa yule, kama mnyama wa porini. Mtu arudi nyumba kama hiyo akae mkekani vipi? Angekaa kiti, hata mie ningekaa kiti. Bibi yako, Mungu amrehemu, alikuwa anamlinda. Alimlinda mpaka akampoteza. Na mie aliponinyamazia na ungo wake alikuwa ananilinda pia.

Sasa tazama ninavyofanya. Sina ungo, nina msumari wa dirishani.

Ushauri sina mwingi. Ukiniuliza nakutegemea kwa nini, si kwa ile hesabu uliyoipata. Nakutegemea kwa kule kusema "haikubali tu" ukiwa unatolewa kwenda juani. Usilipoteze hilo. Jibu lolote utakalopewa huko, la mwalimu, la kitabu, la mwenzako mwenye sauti kubwa, lirudishe mahali pake ulione. Wala langu usilisamehe. Na kuna siku utakutana na hesabu utaiona ukuta mtupu, huoni hata pa kuanzia, na wenzako wote wanaandika. Andika tu kile unachokijua, hata kama ni kidogo cha kuchekesha. Mie niliogopa kuandika kidogo, nikawa sikuandika kitu.

Na nakuahidi jambo moja la upande wetu. Katika nyumba hii utatajwa. Kila siku, kwa jina lako, kwa sauti, mchana na usiku. Wadogo zako watalisema jina lako wakila. Nitaandika Somoe juu ya bahasha mpaka karani wa posta Kibiti anichoke. Mama yako nimeshamwona anaanza kusema "huyu wangu," nitamkataza. Wewe nawe tutaje huko. Wakikuuliza umetoka wapi usiseme Pwani tu ukaishia hapo, sema Kibiti, sema Mtawanya, na ukiweza sema na Kindengereko chako kidogo, wakicheka na wacheke.

Nilitaka nimalizie hapa kwa kuandika neno lenyewe. Nimeliandika, nimelikata. Radhi haiwekwi chini ya mashuka ukaikute safari imekwisha. Naona mama yako amefika nusu ya kichwa chako. Naweka kalamu, nakuja hapo barazani.

Nimerudi. Giza linaingia, naandika nimesogea dirishani.

Ulikuwepo, kwa hiyo unajua. Lakini naandika ili nami niwe nimeliona kwa maandishi. Nilisimama mbele yako nikasema, "Somoe, nimekuradhia. Nenda. Nimekuradhia duniani na akhera." Sauti ilikatika katikati kama redio, mama yako akainama akajifanya anatafuta chanuo. Wewe ukanibusu mkono. Kisha ukauliza, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama, "Baba, kwani ulikuwa na nini siku zote hizi?"

Nikasema, "Naogopa."

Ukasema, "Hata mie. Naogopa, baba. Silali."

Nikakuuliza kwa nini hukuniambia. Ukanitazama, wala hukulia, ukasema, "Nilikuwa nakungoja weye uanze."

Baba yako.